Isale Shingoni mwa Hadubini

Hadubini mbili zilipandishwa mlimani siku moja, na kati ya hizo mbili ni moja tu iliyokuwa inaona. Watu wa Mwika wakaichagua ile nyingine. Msicheke haraka. Mngekuwepo siku ile, mkanusa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, mkaliona lile jani, nanyi mngepiga makofi kama walivyopiga wao.

Ilikuwa mwaka ule ambao watu walikuwa bado wanabishana juu ya uchaguzi wa Mangi Mkuu, chifu wa Wachagga wote. Kahawa ilikuwa imewatendea vizuri, na wazee wa kamati ya zahanati wakaamua kwamba sasa zahanati yao iwe na hadubini yake. Mwenyekiti wao alikuwa Sirili, mtu hodari wa kuongea na mvivu wa kusikiliza. Walikuwa wamechoka kuona wagonjwa wao wanateremshwa Moshi kwa lori, wanarushwarushwa njia nzima, ili tu wakachomwe kidole na kupimwa damu. Chombo chenyewe walikiita darubini ya damu, na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha.

Kazi ya kuchagua wakampa Ildefonce, tabibu wao, maana ndiye peke yake aliyefundishwa kuitumia, kwenye hospitali kubwa ya serikali huko tambarare. Ildefonce alikuwa mtu makini na mpole. Wagonjwa walimpenda kwa upole huo. Lakini upole wake ulikuwa na kasoro: aliogopa ugomvi kuliko alivyoogopa ugonjwa. Angekula ugali ulioungua na kuomba aongezwe, mradi mpishi asinune.

Hadubini ya kwanza ililetwa na Salehe, fundi wa saa na miwani kutoka mjini Moshi, aliyeinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa nyeusi, rangi imebanduka, kioo cha chini kina ufa pembeni, na mahali pa skrubu moja pamefungwa waya. Salehe aliipandisha mlimani imeviringishwa kwa kanga ya mkewe. Alipoifungua mezani watu wakatazamana, na mzee mmoja akauliza kama hiyo ndiyo darubini au ni mashine ya kusagia nyama.

"Ndiyo yenyewe, mzee wangu," Salehe akasema. "Sura yake haikunivutia hata mimi. Lakini muulizeni tabibu wenu, atawaambia kazi yake."

Ya pili ilitoka kwa Elisaria. Hiyo ilikuwa ya shaba tupu, ndefu, imesimama ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa cha mahameli, na jua lilipoipiga iliwaka mpaka watu wakakinga macho. Elisaria alikuwa mnyapara wa Mjerumani mmoja mwenye shamba la kahawa, na Mjerumani huyo ndiye aliyekuwa akiitumia kutazama magonjwa ya mibuni yake. Vita vilipoanza alichukuliwa, na kabla ya kupanda gari akamwachia mnyapara wake lile sanduku. Tangu siku hiyo lilikaa chini ya kitanda cha Elisaria.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Elisaria alikuwa baba mkwe wa Ildefonce, na tangu ndoa ile ifungwe hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa mkwewe. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Binti yake, Aikande, alikuwa amewafuata Wakatoliki ili aolewe na Ildefonce, akabatizwa jina la Theopista. Jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwa baba yake. Akilazimika kumtaja alisema "yule wa kwa Waroma", kisha akabadili mazungumzo. Theopista naye alikuwa hajapata mtoto, na majirani hawakukosa la kusema. Walisema kinyongo cha baba ndicho kilichomfunga tumbo. Hayo yalimfikia, kwa kuwa waliyasema makusudi ili yamfikie, na jioni nyingi Ildefonce alimkuta amekaa jikoni gizani, moto umezimika, wala hataki kuambiwa neno.

Basi, siku hiyo ya kuchagua, Elisaria alikaa upande wake, fimbo katikati ya magoti, bila kumtazama mkwewe. Theopista alisimama mlangoni pamoja na wanawake wengine.

Ildefonce akaanza na jani la mbuni lenye kutu. Watu wa huko utawaonyesha nini kingine? Kahawa ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Alipoliweka chini ya hadubini ya shaba na kurekebisha kioo, ile kutu iliyokuwa vumbi tu la manjano ikaonekana imesimama vichuguu vichuguu, kila punje na umbo lake. Wazee wakapanga foleni. Sirili alitazama mpaka wenzake wakamvuta koti. Kisha akawekwa kunguni wa kahawa, mguu wake ukaonekana na miiba kama tawi la mchongoma, na mzee mmoja akamtukana kunguni huyo kwa Kichagga kwa hasira ya kweli, akimkumbusha mavuno aliyomharibia.

Ile nyeusi ilionyesha yaleyale, tena vizuri, lakini nani angeinamia mashine ya kusagia nyama wakati dhahabu imesimama kando?

"Sasa damu," Ildefonce akasema.

Salehe akatoa kidole chake. "Chukua ya kwangu, dokta. Haina mbege, itaonekana safi."

Watu wakacheka. Ildefonce akamchoma, akaitandaza damu kwenye kioo, akaitia rangi, akaisuuza, akaiacha ikauke. Alijua anachokitafuta. Hadubini ya zahanati haichaguliwi kwa lenzi ndogo za kutazamia majani na wadudu. Huchaguliwa kwa lenzi moja tu, ile kubwa kuliko zote, inayotazama kupitia tone la mafuta. Vijidudu vya homa vilivyomo ndani ya damu huonekana kwa lenzi hiyo, na bila hiyo havionekani kabisa. Akaanza na ile nyeusi. Damu ya Salehe ikatokea, chembe moja moja, duara zilizofifia katikati, safi kama sahani zilizooshwa. Akahamia kwenye ile ya shaba, akadondosha mafuta, akashusha lenzi polepole, akazungusha skrubu mbele, akazungusha nyuma.

Ukungu. Akafuta, akarudia. Ukungu uleule. Akaifungua lenzi, akaielekeza dirishani, na hapo akaona. Mjerumani, au sijui nani, aliwahi kuiacha na mafuta yake bila kuifuta, na kwa miaka yote ile chini ya kitanda mafuta yalikuwa yamepenya nyuma ya kioo na kuyeyusha gundi. Hiyo haisafishiki. Na lenzi ya kuibadilisha isingepatikana, kwa kuwa hadubini ya zamani hivyo hakuna tena aliyekuwa anaitengenezea vipuri.

Akainua kichwa.

"Haya, tabibu, sema," Sirili akamwambia. "Tunaona koo zimekauka."

Ildefonce akafungua mdomo. Wakati huohuo Elisaria akasimama, akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa jani la isale.

Kila kihamba kule mlimani, yaani shamba la ukoo, kimezungushiwa mimea hiyo ya masale. Ndiyo mpaka wa shamba, ndiyo alama ya makaburi ya wazee, ndiyo pia msamaha. Mtu aliyemkosea mwenzake hulikata jani hilo, akalipiga fundo, akampelekea, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Watu waliouliana ndugu wamepatanishwa kwa isale. Lakini mara nyingi ni mdogo anayempelekea mkubwa. Mzee kumpelekea kijana, tena baba mkwe, tena hadharani, lilikuwa jambo ambalo wengi mle ndani hawakuwahi kuliona. Hata Sirili alivua kofia.

Elisaria akaenda mpaka mezani. Hakumpa Ildefonce lile jani mkononi. Alilizungusha kwenye shingo ya hadubini ya shaba, akalifunga fundo hapo.

"Mwanangu," akasema, akashika ukingo wa meza, akaanza upya. "Mwanangu Ildefonce. Sikuja kuuza. Chombo hiki ndicho kitu kizuri nilichobaki nacho, nami nakitoa bure kwa zahanati yako. Nimekukosea. Nimemkosea na mwanangu. Mbele ya watu hawa naomba Theopista anisamehe."

Alilitaja jina. Kule mlangoni Theopista akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika.

Sasa wewe utaniambia kwamba Ildefonce angesema, "Baba, jani nalipokea, ila chombo hakifai." Hata mimi ningesema hivyo, nikiwa nimekaa hapa na kikombe changu cha chai. Lakini jani lilikuwa limefungwa juu ya chombo. Kukirudisha chombo ilikuwa lazima ama alifungue jani kwa mkono wake, ama alirudishe likiwa hapohapo, na kwa macho ya wale watu yote mawili yalikuwa kumtemea mzee usoni. Yeye alivyokuwa, hata kujaribu hakujaribu. Alimtazama mkewe, akamtazama mzee, akasikia moyo wake unapiga kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja.

"Inafaa," akasema. "Inafaa sana, Baba."

Makofi yakapigwa. Vigelegele vikapigwa. Mbege ikamiminwa. Theopista alipita katikati ya watu akapiga magoti mbele ya baba yake, na mzee akamwekea mkono kichwani, akawa anambembeleza tu, "Basi, mae, basi." Katika kelele hizo Salehe alikuwa anaiviringisha hadubini yake kwenye kanga. Yeye fundi wa vioo alikuwa ameuona ule ukungu lenzi ilipoelekezwa dirishani, akamsogelea Ildefonce.

"Wewe umeona nilichokiona mimi," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Samahani kwa safari, Bwana Salehe," Ildefonce akajibu, akageukia pembeni.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote ambayo nyumba ile iliwahi kuiona, na hilo ndilo lililomtesa Ildefonce. Elisaria alikuja kula kwao. Alikuja tena. Alileta mkungu wa ndizi, akaleta mbuzi, akakaa jikoni na binti yake wakicheka mambo ya zamani. Na kila alipopita zahanati aliingia na kitambaa chake, majivu na kipande cha limau, akaisugua ile shaba mpaka uso wake ukaonekana ndani yake. Jani la isale lilikaukia pale shingoni, likawa la kahawia, hakuna aliyethubutu kulitoa.

Ildefonce alifanya kazi kwa kukisia. Mgonjwa akija na homa alimchoma kidole, akaweka kioo chini ya lenzi, akainama juu ya ukungu, akakaa humo kiasi cha kuaminika, kisha akainua kichwa na kusema, "Malaria." Akatoa kwinini. Mara nyingi ilikuwa malaria kweli, hasa kwa waliotoka tambarare, wakapona na kuisifu darubini ya mzee. Kila sifa ilimwongezea deni. Alijiambia atasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, akajiambia atasema baada ya Krismasi, ambapo mzee alikuwa ameahidi kuja kuchinja kwao, na huwezi kumwambia mtu jambo kama hilo siku ya kuchinja.

Kisha Theopista akapata mimba.

Nani angesema tena? Mlima mzima ulijua kilichomfungua tumbo. Beatrice, mkunga wa pale zahanati, alisema waziwazi kwamba isale imefanya kazi ambayo dawa zake zote zilishindwa, na wanawake wakaja mmoja mmoja kulitazama lile jani kavu shingoni mwa hadubini kana kwamba wamekuja kuhiji. Ildefonce aliwapisha njia. Alihisi kwamba akiitaja ile lenzi atakuwa anachokonoa msingi wa nyumba ambayo mtoto wake analala ndani yake. Akanyamaza, na safari hii hata ahadi ya kusema baadaye hakujipa.

Mahindi ya shamba la chini yalipokomaa, kule kwenye joto karibu na Chekereni, Theopista akataka kushuka na wanawake wenzake kuvuna. Tumbo lilikuwa limeshaonekana.

"Usiende," Ildefonce akamwambia. "Kule kuna mbu."

"Kwinini si unayo?" akamjibu akicheka. "Na darubini unayo. Mke wa tabibu akiogopa mbu, wengine wafanyeje?"

Akaenda. Walilala kwenye kibanda cha zamani cha udongo, chenye sakafu iliyopasukapasuka, na ndani ya nyufa za sakafu kama hizo huishi papasi, wale wadudu wanaotoka watu wakilala, wakanyonya damu na kurudi ufani bila mtu kuhisi. Alirudi na gunia lake kichwani na furaha yake yote. Siku chache baadaye homa ikamshika.

Ilimshika vibaya. Kichwa, mgongo, viungo, akawa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Ildefonce akampima. Alikaa kwenye ile hadubini kuliko alivyowahi kukaa, akafuta lenzi, akabadilisha mafuta, akageuza kioo kulifuata jua, akamwomba Mungu ampe kuona mara hii moja tu. Ukungu. Alijua kabisa kwamba tambarare kuna homa mbili, ya mbu na ya papasi, na kwamba kwinini haiigusi ile ya pili. Alijua pia kwamba dawa ya ile ya pili, penisilini, alikuwa nayo kabatini kwa ajili ya wagonjwa wa buba. Lakini ilikuwa chache, na kila chupa alipaswa kuieleza imekwenda kwa nani na kwa nini. Angeweza kuipeleka damu Moshi. Na aliyeipeleka angeulizwa, kuna nini, darubini yenu imepatwa na nini?

"Umeona nini?" Theopista akamwuliza aliporudi kitandani.

"Malaria," akasema.

Alimpa kwinini, na homa ikashuka. Ikashuka kabisa, kwa jasho, akaamka anataka kula. Elisaria akaja na mtungi wa mbege kuishukuru darubini yake, na Ildefonce akanywa naye, akacheka naye, na nusu yake akaamini. Ukitaka kuamini kitu huhitaji ushahidi mwingi. Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba hiyo ndiyo tabia ya homa ya papasi, kushuka yenyewe na kumdanganya mtu, kisha kurudi.

Ikarudi. Safari hii Theopista hakutetemeka tu, aliweweseka. Aliita jina la mama yake aliyekufa. Alishika tumbo kwa mikono miwili akasema mtoto ametulia mno. Beatrice alimpima tumbo, kisha akatoka nje bila kumtazama Ildefonce.

Alfajiri hiyo Ildefonce alimchoma mkewe kidole, akaitandaza damu kwenye kioo, akakifunga kwenye leso na kukitia mfuko wa shati pamoja na vichupa vya rangi na mafuta. Akamwambia Beatrice anakwenda kufuata dawa. Akadandia lori la ndizi, akakaa juu ya mikungu akiwa ameushika mfuko ule kwa kiganja njia nzima.

Salehe alikuwa ndiyo kwanza anafungua mbao za duka lake barazani.

"Dokta! Leo saa imesimama?"

"Ile hadubini bado unayo?"

"Ninayo. Nani ataichukua? Watu wanataka inayong'aa." Kisha akauona uso wake, akaacha mzaha. Akaenda ndani, akaileta ikiwa bado kwenye ile kanga, akaiweka penye mwanga.

Ildefonce akatia rangi kioo chake, akadondosha mafuta, akainama. Hakuhitaji muda. Katikati ya chembe za damu ya mkewe kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizojikunja kama nywele, moja hapa, mbili pale, nyingi. Alizifahamu kama unavyomfahamu mtu uliyesoma naye. Aliendelea kuinama hapo baada ya kuwa ameshaona, kwa sababu hakujua atainuka namna gani.

"Ya nani?" Salehe akauliza.

"Ya mke wangu."

Salehe akavuta kigoda, asikalie. "Si ungesema siku ile, ndugu yangu? Ungesema tu. Tena ningewaachia mlipe mkiweza."

"Isale ilikuwa imeshafungwa."

"Isale ndiyo nini?"

"Lile jani. La mzee."

"Lile jani?" Salehe akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilidhani mnaipamba."

Ildefonce hakumweleza. Angeanzia wapi? Hapo barazani, kukiwa na baiskeli zinapita na mwadhini ameshanyamaza na wauza kahawa wanagonga vikombe vyao, lile jani lilikuwa jani tu, na yeye alikuwa mtu aliyeona kwa macho yake na kusema kinyume. Aliona aibu, akachukua leso yake akayafuta mafuta kwenye lenzi. Salehe akaifunga hadubini kwenye kanga, akamsukumia mikononi. "Ichukue. Nenda."

Alipofika nyumbani wanawake walikuwa wamekaa nje, wamejifunika kanga vichwani. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akafungua kabati, akachukua ile penisilini ambayo siku zote ilikuwa hapo, hatua chache kutoka kitanda cha mkewe, akaja akamchoma sindano. Beatrice alisubiri amalize.

"Alikuwa wa kiume," akamwambia.

Mtoto huyo hakubatizwa, maana alitoka ameshakufa. Elisaria ndiye aliyemchimbia, chini ya migomba ya kihamba cha mkwewe, akakataa kusaidiwa jembe. Alipomaliza alimshika Ildefonce begani kwa mkono wenye udongo. "Mungu ametuachia mama," akasema. "Usingekuwa na darubini tungewakosa wote wawili." Ildefonce akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, alitikisa kichwa, hata hapo.

Theopista akapona. Sindano ilimwinua, na mama mdogo wake akaja kumpikia mtori wa ndizi na nyama, kama anavyopikiwa mzazi, ingawa hakukuwa na wa kunyonya. Aliula, akarudisha bakuli. Maziwa yalimjaa na kumwuma, akajifunga kifua kwa kitambaa. Watu walikuja kumpa pole, wakamwambia darubini ya baba yako imekuokoa, naye akasema asante.

Siku moja, nyumba ikiwa tupu, akamwita mumewe.

"Mara ya kwanza uliponipima, uliniambia malaria."

"Ndiyo."

"Uliona malaria?"

Hapo tu, baada ya yote, Ildefonce akashindwa kusema uongo. Akamwambia. Ukungu, lenzi, safari ya Moshi, hadubini nyeusi iliyofichwa sasa chini ya meza ya zahanati. Alisema yote bila kujitetea, na alipomaliza alikuwa analia kwa sauti kama mtoto.

Theopista hakulia. "Ulijua lini kwamba haioni?"

"Siku ileile."

"Kabla baba hajafunga jani, au baada?"

"Kabla."

Akageuka akatazama ukuta. "Baba alileta jani kwa ajili yangu," akasema. "Wewe ulilipokea kwa ajili yako."

Hakusema zaidi siku hiyo, wala kesho yake. Alimpakulia chakula, akamfulia nguo, akamwitikia salamu. Ildefonce aliona kwamba hivi ndivyo wataishi mpaka wazeeke, na hakuweza kuvumilia. Asubuhi moja akatoka mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akachagua jani la isale bichi, pana, lisilo na doa, akalikata, akalipiga fundo. Alipata afueni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Desturi ipo. Jani halikataliwi.

Alipogeuka kurudi, Theopista alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama. Alikuwa ameona kila kitu, tangu alipokuwa akichagua.

"Usiniletee," akasema.

Ildefonce akasimama katikati ya migomba.

"Ukiniletea nitalipokea. Sina njia ya kulikataa, nimezaliwa hapahapa kama wewe. Nitalipokea, nitasema yamekwisha, na mimi nitakuwa nimedanganya kama ulivyodanganya wewe siku ile." Sauti yake haikupanda. "Kwa hiyo nakuomba, Ildefonce. Kama unanionea huruma, usiniletee."

Akaingia ndani. Ildefonce akabaki pale na jani mkononi. Kulipeleka hakuweza, na isale iliyokwisha kupigwa fundo haitupwi. Kutoka ng'ambo ya mpaka alimsikia Elisaria anakuja akiimba wimbo wa kanisani, na alipotokea kwenye uwazi wa masale alikuwa na kitambaa chake begani na limau mkononi, anakwenda zahanati kusugua shaba.

"Shikamoo, Baba," Ildefonce akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaliona lile jani, akasimama. "Umeletewa? Nani amekukosea?"